Uliza Daktari: Kirusi kinafanya nini ndani ya mapafu mpaka mtu anafariki?

Safari hii maswali mengi yaliyoingia yanazunguka jambo moja, watu waliofiwa na ndugu zao kwa nimonia ya virusi wanataka kujua hasa kilitokea nini, na ni haki yao kujua, sababu mara nyingi kule wodini hakuna aliyepata muda wa kukaa chini na familia akaeleza. Nimeanza na barua iliyonigusa kuliko zote na nimeijibu kwa urefu, zingine zinafuata.

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yetu alifariki kwa korona. Alianza na mafua na homa tu, tukajua yataisha, ilipofika kama siku ya nane hali ikageuka ghafla. Asubuhi alikuwa anaongea vizuri kabisa, tulipofika hospitali wakapima oksijeni wakashtuka, jioni yuko ICU, baadaye wakamuwekea mashine ya kupumulia na hakutoka tena. Sasa ndugu wamegawanyika, kuna wanaosema mashine ndo ilimmaliza, na mimi ndo niliyesaini. Naomba unieleze bila kunificha, nini kilitokea ndani ya mapafu yake? (Binti wa marehemu)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na hilo linalokunyima usingizi: kusaini kwako hakukumuua baba. Mgonjwa hawekewi mpira wa kupumulia akiwa na mapafu mazima, anawekewa pale oksijeni ya barakoa ikishashindwa na yeye mwenyewe ameishiwa nguvu za kuvuta pumzi, yaani mashine inakuta uharibifu umeshafanyika. Ni kweli wengi wanaofika kwenye mashine wanafariki, lakini ni kwa sababu wanaofika hapo ndo walioumia kuliko wote. Mimi sikumtibu baba yako wala sijaona faili lake, kwa hiyo nitakueleza vile ugonjwa unavyokwenda kwa wagonjwa wa aina yake, kama ulivyoonekana kwa wale ambao mapafu yao yalichunguzwa baada ya kifo.

Tuanze na pafu zima. Njia za hewa zinagawanyika na kugawanyika mpaka zinaishia kwenye vifuko vidogo sana vya hewa, mtu mzima anavyo kama milioni 480, vyote ukivitandaza vinafikisha eneo la mita za mraba 70 hivi. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu zinapita humo kwa foleni, moja nyuma ya nyingine, na kati ya hewa na damu kuna ukuta ambao unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Uhai wetu wote unapita kwenye ukuta huo, oksijeni inaingia na hewa chafu inatoka, dakika kwa dakika. Ukiuelewa huo ukuta umeelewa kifo cha baba yako, sababu yote yaliyofuata ni habari ya ukuta huo kuvunjika.

Upande wa hewa ukuta umefunikwa na seli za aina mbili. Aina ya kwanza ni bapa, nyembamba, zinafunika karibu eneo lote. Aina ya pili ni nene kidogo na kazi yake ni kubwa kuliko idadi yake, kwanza zinatengeneza majimaji yenye mafuta yanayoitwa sirfaktanti, ambayo yanazuia vifuko visijifunge mtu anapotoa pumzi, alafu seli hizo hizo ndo zinazozaliana kuziba pengo pale seli bapa zinapokufa. Sasa kirusi cha korona kinaingia kwenye seli kwa kushika protini iitwayo ACE2, na hizi seli za aina ya pili ni kati ya zile zilizo nayo. Ona ubaya wake, kinawaua wale wale ambao kazi yao ni kukarabati. Sirfaktanti ikipungua, vifuko vinanywea na kuta zake zinagandana kama mfuko wa nailoni uliolowana, kuufungua tena inahitaji nguvu, na mgonjwa anatumia nguvu hiyo kwa kila pumzi, usiku na mchana.

Hapo tunakuja kwenye siku ya nane, maana najua mnajiuliza mbona wiki ya kwanza alikuwa afadhali. Kwa wagonjwa wengi wa korona kali wiki ya kwanza ni kirusi kinazaliana, na wiki ya pili, wakati mwingine hata kirusi chenyewe kimeanza kupungua, ndo kinga ya mwili inapandisha moto usiozimika kirahisi. Seli zilizoambukizwa zinatoa kemikali za kuita msaada, chembe nyeupe zinamiminika kwenye mapafu, nazo zinatoa kemikali zingine za kuita wenzao zaidi, na silaha zao haziwezi kuchagua seli yenye kirusi na seli nzima iliyo jirani. Mishipa midogo ya damu inalegea na kuanza kuvuja. Maji ya damu, pamoja na protini zake, yanatoka kwenye mshipa yanaingia kwenye kuta, kutoka kwenye kuta yanaingia ndani ya vifuko, mahali ambapo panatakiwa kuwe na hewa tu.

Hayo maji hayakai kama maji. Protini zinaganda, zinachanganyika na mabaki ya seli zilizokufa, na zinatengeneza utando unaobandika ukuta wa kifuko kwa ndani. Ukikata kipande cha pafu la mtu aliyefariki hivyo ukakipaka rangi za maabara ukakiweka chini ya hadubini, utando unaonekana wa waridi, laini, umefuata ukuta kote, na hiyo ndo alama kubwa ambayo wapatholojia, yaani madaktari wanaochunguza viungo vya marehemu na vipande vya mwili maabara, wanaitafuta. Oksijeni ya mashine hata iwe asilimia mia inafika hapo inakuta utando, inakuta maji, inakuta kuta zimevimba, na damu inapita upande wa pili inarudi kwenye moyo bila kuchukua kitu. Ndo maana mnaweza kuona mgonjwa amewekewa oksijeni yote iliyopo na bado kipimo kinashuka. Mapafu ya hivyo yakitolewa yanakuwa mazito, mara mbili au zaidi ya uzito wa kawaida, mekundu meusi, yana maji, na ukiyashika hayabonyei kama sponji yanavyotakiwa.

Hali hii kwenye faili inaandikwa ARDS, kifupi cha Kiingereza kinachomaanisha mapafu kushindwa kazi ghafla. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1967 na madaktari wa Marekani waliokuwa na wagonjwa 12, baadhi walikuwa wameumia ajalini, wengine wana maambukizi, lakini mapafu yao yote yalikuwa yamefanana. Kwa hiyo sio kirusi peke yake kinachoweza kufanya hivi, hata bakteria walioingia kwenye damu, hata majeraha makubwa. Pafu likiumizwa sana lina namna moja tu ya kujibu.

Korona iliongeza jambo lingine ambalo kwa maoni yangu halikuzungumzwa vya kutosha kwa familia, damu kuganda ndani ya mapafu. Mwaka 2020 watafiti walilinganisha mapafu ya watu saba waliofariki kwa korona na saba waliofariki kwa influenza, uharibifu wa vifuko ulikuwepo kwa wote, ila vidonge vidogo vya damu iliyoganda kwenye mishipa inayozunguka vifuko vilikuwa mara tisa zaidi kwenye korona. Maana yake hata kifuko kilichobaki kizima, chenye hewa safi ndani, kinaweza kukosa damu ya kuipokea hiyo hewa. Moyo upande wa kulia unasukuma damu kwenye mishipa iliyoziba, unachoka, figo zinakosa oksijeni, na mara nyingi mwisho unakuja kwa viungo vingi kushindwa kwa pamoja.

Umesema asubuhi alikuwa anaongea vizuri, na nahisi hapo ndo mnapojilaumu. Msijilaumu. Mwili hauhisi upungufu wa oksijeni kama tunavyodhani, kinachompa mtu ile hali ya kubanwa ni hasa hewa chafu ya kabonidayoksaidi ikijaa kwenye damu. Na hiyo hewa chafu inapenya ukuta kirahisi mno, kama mara 20 zaidi ya oksijeni, kwa hiyo ukuta ukianza kuharibika kabonidayoksaidi inaendelea kutoka kama kawaida huku oksijeni inashuka kimya kimya, na mgonjwa anakaa kitandani anapiga stori na oksijeni yake iko asilimia themanini na kitu, chini mno. Madaktari wenyewe walishangaa walipoanza kuliona hili mwaka 2020, sembuse familia iliyoko nyumbani.

Sasa nirudi kwenye mashine, sababu umeniambia nisikufiche na sitakuficha. Mashine ikisukuma hewa nyingi kupita kiasi inaweza kuongeza jeraha, hilo ni kweli na linajulikana. Kwenye ARDS sehemu ya pafu inayobaki na hewa inaweza kuwa ndogo kama pafu la mtoto, ukiijaza kwa kipimo cha mtu mzima inavutika kupita uwezo wake. Ndo maana ulifanyika utafiti mkubwa Marekani uliotoka mwaka 2000, wagonjwa 861, nusu walipewa pumzi kubwa kama ilivyokuwa desturi wakati ule na nusu wakapewa pumzi ndogo ya mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaotarajiwa kwa urefu wa mtu, vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 40 mpaka 31. Tangu hapo pumzi ndogo ndo utaratibu. Na kama mlipita mkamuona amelazwa kifudifudi mkadhani ametelekezwa, hapana, hiyo ni tiba, utafiti wa Ufaransa na Hispania wa mwaka 2013 ulionyesha wagonjwa wa hali mbaya wakilazwa kifudifudi angalau masaa 16 kwa siku vifo vinapungua kwa nusu, sababu sehemu ya nyuma ya pafu ambayo ilikuwa imelaliwa na kujaa maji inapata kufunguka. Kwa hiyo waambie ndugu zako hivi: mashine haitibu pafu, inampa mgonjwa muda ili pafu lijaribu kupona lenyewe. Ulisaini ili baba apewe huo muda.

SWALI: Habari dokta, mimi na mume wangu tuliumwa wiki moja na kirusi kile kile, nyumba moja, mimi nilikohoa siku tatu nikapona na yeye akalazwa karibu afe. Mbona hivyo? Ni dozi ya kirusi au ni damu zetu? (Mama wa mapacha)

JIBU: Nzuri dada, na nashukuru amepona. Umri ndo unaongoza kwa mbali, alafu kisukari, unene, magonjwa ya moyo na figo, na wanaume kwa ujumla wanaumia zaidi ya wanawake. Ila kuna ugunduzi mmoja wa mwaka 2020 ambao nadhani ingefaa kila mtu aujue. Mwili ukishambuliwa na kirusi unatoa protini za tahadhari zinazoitwa interferoni, zinawaambia seli jirani wafunge milango mapema. Kati ya wagonjwa 987 wa korona kali mno waliopimwa, 101 walikuwa na kingamwili zinazozima interferoni zao wenyewe, na kati ya hao 101, 95 walikuwa wanaume. Watu hao kabla ya hapo wengi wao walikuwa hawana habari kabisa. Kengele ya kwanza imezimwa, kirusi kinafika chini kwenye vifuko kikiwa kimeshazaliana sana, kinga ikija kuamka inaamka kwa kishindo. Simaanishi mume wako ana hali hiyo, nasema tu kwamba mtu akizidiwa sio kwamba alijizembea au hakunywa dawa fulani. Mahali kirusi kinapoishia nako kunaamua mengi: kikibaki puani na kooni ni mafua, kikishuka mpaka kwenye vifuko ni jambo lingine kabisa. Chanjo kwa hili ina faida kubwa, hata pale isipozuia mtu kuambukizwa inasaidia kinga iamke mapema kabla kirusi hakijashuka.

SWALI: Dokta, je mafua makubwa ya mwaka 1918 na ile homa ya ndege zilikuwa zinaua kwa njia hii hii? (Mwalimu mstaafu)

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kwa sehemu ndiyo, ila kuna tofauti ya maana. Yale ya 1918 yanakadiriwa kuua watu kama milioni 50 duniani, na vijana wenye nguvu zao walikufa wengi. Wapo waliokufa haraka mno, nyuso zimekuwa za bluu, mapafu yamejaa maji na damu, hao ni kirusi moja kwa moja. Lakini vipande vya mapafu vya wakati ule vilivyohifadhiwa vilipokuja kuchunguzwa upya, wengi wao walikutwa na nimonia ya bakteria juu ya ile ya kirusi. Kirusi kinachubua njia za hewa, kinaua zile seli zenye vinyweleo vinavyofagia uchafu kuupeleka juu, alafu bakteria ambao kwa kawaida wanaishi tu puani na kooni wanashuka bila kizuizi. Na antibayotiki hazikuwepo. Leo mgonjwa wa influenza ambaye alianza kupata nafuu alafu ghafla homa ikarudi na makohozi yakabadilika rangi, awahishwe hospitali, hiyo ni dalili ya bakteria kuingia na inatibika.

Homa ya ndege aina ya H5N1 ilipoanza kuingia kwa binadamu kule Hong Kong mwaka 1997, waliambukizwa 18 wakafa sita. Kirusi chake kinapenda aina ya kishikio (sehemu ya seli ambayo kirusi hushika ili kiingie) kinachopatikana zaidi chini kabisa kwenye mapafu ya binadamu kuliko puani, ndo maana kilikuwa kigumu kuambukizwa mtu kwa mtu lakini kikimpata mtu kinamuumiza vibaya, na mapafu ya waliokufa yalikuwa na utando ule ule niliomuelezea binti hapo juu. SARS ya 2003, ugonjwa wa mapafu wa kirusi cha jamii ya korona, watu zaidi ya 8,000 waliugua na vifo 774, vile vile.

SWALI: Mambo dokta. Nimesikia deksamethasoni ndo inaokoa mapafu, ni rahisi kupata, kwa nini tusikae nayo nyumbani mtu akianza kukohoa tu anameza? (Kijana anayejali)

JIBU: Poa kijana, na nakuomba usifanye hivyo kabisa. Umesikia nusu ya habari. Majaribio makubwa ya Uingereza yaliyotoa matokeo Juni 2020 yalionyesha deksamethasoni inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa walio kwenye oksijeni tu. Ila kwa wale waliolazwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwa na faida yoyote, na namba zilielekea upande mbaya. Ukifuata nilichoeleza juu utaona kwa nini: dawa hii inatuliza kinga. Wiki ya pili, kinga ikiwa ndo inayobomoa ukuta, kuituliza ni kuokoa. Siku ya pili ya kikohozi, kinga ikiwa ndo kwanza inajaribu kukizuia kirusi kisishuke, kuituliza ni kukifungulia njia. Na mwenye kisukari sukari itampanda vibaya juu ya ugonjwa.

Badala ya dawa hiyo wekeni nyumbani kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, hicho kina msaada wa kweli. Kikianza kusoma 94 kushuka chini wasilianeni na daktari, na WHO inahesabu chini ya 90 kuwa ni ugonjwa mkali. Ila kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo la kujua, utafiti uliochapishwa Desemba 2020 Marekani ulionyesha kipimo hiki kinakosea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe, kinasoma juu huku oksijeni halisi iko chini. Kwa hiyo usitegemee namba moja, angalia inavyoelekea, jana 97 leo asubuhi 95 sasa hivi 93, huo mwelekeo ni wa hatari hata kama mgonjwa anasema yuko sawa. Mtembeze kidogo chumbani upime tena. Kama anahema zaidi ya mara 30 kwa dakika, au anaanza kuchanganyikiwa, au midomo imebadilika rangi, usisubiri kipimo.

SWALI: Dokta nilitoka ICU, nashukuru Mungu, ila kupanda ngazi tu nahema. Mapafu yangu yatarudi au ndo basi? (Aliyenusurika)

JIBU: Pole na hongera ndugu yangu. Kwa wengi yanarudi, taratibu kuliko mtu anavyotamani. Zile seli za aina ya pili zilizobaki hai zinaanza kuzaliana na kugeuka kuwa seli bapa, ule utando unayeyushwa na kuliwa na chembe nyeupe, maji yananyonywa. Hiyo ni hatua inayoanza kwenye wiki ya pili na ya tatu. Tatizo linakuja pale ambapo ukuta umevunjika mpaka msingi wake, hapo mwili badala ya kuweka seli unaweka nyuzi za kovu, na kovu ni gumu, halivutiki na halipitishi oksijeni vizuri. Kwa waliofariki baada ya wiki nyingi kwenye mashine, mara nyingi hicho ndo kinachokutwa, utando umeondoka na kovu limechukua nafasi.

Ila usijihukumu kwa kuhema peke yake. Mtu akilala ICU hata wiki mbili misuli ya miguu na ile ya kupumulia inaisha sana, na sehemu kubwa ya kuchoka kwako inaweza kuwa huko, ambako mazoezi yanasaidia kweli. Omba upimwe vitu viwili: kipimo cha kupuliza kinachoonyesha mapafu yanabeba hewa kiasi gani na yanapitisha gesi vipi, na picha ya CT ya kifua kama miezi mitatu imepita na bado unahema, sababu eksirei ya kawaida inaweza isionyeshe kovu dogo. Kuhema kukiongezeka badala ya kupungua, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, au kifua kikachoma ghafla ukivuta pumzi, nenda siku hiyo hiyo, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda na ina dawa.